Chumvi Iliyoisha Muda

"Anko, usitie kwanza. Chumvi imeekspaya."

Aliyesema hivyo ana miaka tisa, mtoto wa dada yangu, na alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko ameinua pakiti ya chumvi juu kama trafiki aliyekamata leseni bandia. Maharage yalikuwa yanatokota. Niliichukua ile pakiti, nikaisogeza dirishani kwenye mwanga, nikaona mtoto hajakosea. Tarehe ilikuwa imepita miezi miwili na siku kadhaa.

Nikaitupa.

Sikuwaza lolote. Niliiangusha kwenye ndoo ya taka, nikampa mtoto hela akanunue nyingine, tukala, akalala. Usiku, usingizi ukiwa bado uko mbali na mtaa wetu wote wa Nkuhungu, hapa Dodoma, ukibweka mbwa, ndipo swali likaja likakaa kifuani, na halijatoka mpaka leo.

Chumvi inaozaje?

Chumvi ndiyo tunayoipaka samaki asioze. Ndiyo bibi aliyoipaka nyama ya mbuzi kabla ya kuitundika juu ya moshi. Imekaa baharini na ardhini tangu kabla hajazaliwa mtu wa kuila, halafu siku ilipotiwa kwenye nailoni ikapewa miaka miwili ya kuishi. Na mimi, mtu mzima mwenye kazi na familia, nikaiamini nailoni.

Daftari

Kazi yangu ni uhasibu, na mhasibu akikosa usingizi huwa anahesabu. Asubuhi yake nilichukua daftari la mtoto lililobaki kurasa za nyuma, nikaandika tarehe, kitu kilichotupwa, sababu. Nikaendelea hivyo wiki nne. Mke wangu alidhani nimeanza kumkagua. Ilibidi nimweleze kwamba ninayekaguliwa ni mimi.

Sababu nyingi zilikuwa zile za kawaida ambazo kila nyumba inazijua. Wali uliolala ukachacha kwa sababu umeme ulikatika. Nyanya zilizooza chini ya tenga. Mchicha uliosinyaa kwa joto hili letu la Oktoba. Kwa hayo sikushangaa.

Lakini kulikuwa na sababu moja niliyoiandika kwa neno moja tu, "tarehe", na iliendelea kujirudia. Pakiti ya tambi, haijafunguliwa. Maharage ya kopo, kopo halina hata mkunjo. Majani ya chai, nusu pakiti. Mtindi uliozidi siku moja. Siku moja! Mtindi, ambao kwa kuzaliwa kwake ni maziwa yaliyoganda.

Na chupa ya asali.

Hiyo niliimwaga kabisa kwenye sinki ili chupa ibaki. Asali ya nyuki, kutoka upande wa Manyoni, ambako asali nyingine tunauziwa barabarani kwenye chupa za soda bila karatasi yoyote, na hakuna abiria aliyewahi kumuuliza muuzaji inaisha lini. Hii yangu ilikuwa na karatasi nzuri yenye picha ya nyuki. Kosa lake lilikuwa hilo.

Niliposoma daftari mwisho wa wiki ya nne kilichoniuma hakikuwa hela, ingawa elfu thelathini na moja ni hela. Kiliniuma kitu kingine. Katika vyote nilivyoviandikia "tarehe" hakuna hata kimoja nilichokinusa.

Sikuonja. Sikumimina kwenye kiganja. Sikufungua.

Si mimi peke yangu

Nilipoanza kusoma nilipata faraja kidogo, ile ya kujua kwamba ujinga wako una wenzake. Taarifa ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira ya mwaka 2024 inasema kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 ya hizo zilitoka majumbani. Majumbani, si hotelini wala sokoni. Tume ya Ulaya mwaka 2018 ilikadiria kwamba hadi asilimia 10 ya tani milioni 88 zilizokuwa zikipotea kule kila mwaka inahusiana na tarehe za kwenye vifungashio. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani nayo inakadiria kwamba mkanganyiko wa tarehe unachangia karibu asilimia 20 ya chakula kinachotupwa na walaji.

Kilichonichekesha ni kwamba hukohuko Marekani sheria ya taifa hailazimishi tarehe kwenye chakula, isipokuwa maziwa ya kopo ya watoto wachanga. Nyingine zote viwanda vinajiandikia, kila kimoja kwa maneno yake. California imechoka, ikapitisha sheria mwaka 2024 ya kufuta ile tarehe ya "uza kabla ya", ambayo ni ya muuza duka kupangia rafu zake lakini mlaji akiiona anajua ameandikiwa yeye.

Hizo ni hesabu za watu wengine, nisizigeuze zetu. Nyanya zinazooza pale soko la Sabasaba hazijasoma tarehe yoyote. Zimeozeshwa na barabara, jua na tenga lililojazwa kupita kiasi. Ila Dodoma ya leo si ile niliyokulia. Tangu serikali ihamie huku, friji zimeongezeka, maduka ya kujihudumia yameongezeka, na vitu vya pakiti vimeingia hadi kwenye vibanda vya Chang'ombe. Ugonjwa wa pakiti hauwezi kubaki Ulaya wakati pakiti zenyewe zimefika.

Herufi

Nilirudi jikoni nikaanza kusoma vifungashio kama mtu anayesoma mkataba. Nilikuwa nasoma namba siku zote. Herufi zilizo kabla ya namba sikuwahi kuzisoma.

Kumbe ziko za aina mbili, na tofauti yake ni kubwa kama ya onyo na ushauri.

Kuna ile inayomaanisha "bora kabla ya". Mara nyingi utaona BB tu, kifupi cha Kiingereza "best before". Hapo kiwanda kinasema: mpaka siku hii naapa ladha, rangi na ukavu viko kama nilivyovitengeneza. Baada ya hapo siapi. Biskuti inaweza kulegea, chai ikapoteza harufu, tambi zikawa tambi tu. Hakuna mahali kiwanda kimesema utaumwa.

Halafu kuna ile ya "mwisho wa matumizi". Hiyo ni ya usalama. Inafaa kuwekwa kwenye vile vinavyoharibika upesi, kama nyama, samaki na maziwa yanayotaka baridi, ambavyo vijidudu vyake vingine vinaendelea kuzaliana hata ndani ya friji bila kutoa harufu. Hapo huna mjadala.

Codex, ile tume ya viwango vya chakula ya mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula (FAO) na afya (WHO), ilivipitia upya viwango vya tarehe mwaka 2018 na ikazitenganisha hizi mbili waziwazi. Tena ikaorodhesha vitu ambavyo havihitaji tarehe kabisa: matunda na mboga mbichi, siki, sukari isiyoongezwa virutubisho, chumvi isiyotiwa madini joto, na mvinyo. Hapo nilisimama kidogo. Mji mzima unaoishi kwa zabibu, na kinywaji chetu chenyewe kimesamehewa tarehe.

Lakini angalia lile neno: chumvi *isiyotiwa* madini joto. Yetu inatiwa. Madini joto yanapungua taratibu, hasa pakiti ikiwa wazi na mahali pana unyevu na joto. Kwa hiyo mtoto wa dada hakuwa mjinga, tarehe ile ilikuwa na maana. Ilimaanisha madini joto huenda yamepungua chini ya kile kilichoandikwa. Haikumaanisha kwamba chumvi imegeuka sumu. Mimi nilisikia "sumu".

Halafu kuna vituko vyenyewe vya uchapaji. Juisi niliyonayo, ya kutoka nje, imeandikwa 07/08/25. Ni tarehe saba ya mwezi wa nane, au tarehe nane ya mwezi wa saba? Wamarekani wanaanza na mwezi. Sisi tunaanza na siku. Mtengenezaji hajasema yeye ni nani katika hao. Na mara nyingine tarehe imepigwa kwa vidoti vya wino penye mkunjo wa pakiti, ukiishika kwa kidole chenye mafuta imehama. Mtu anaweza kuitwa mlaji makini na akashindwa kwenye vidoti.

Neno moja limemeza mengine

Hili ndilo lililonikalisha macho muda mrefu kuliko yote, na si la kiwanda. Ni la kwetu.

Hebu sikiliza tulivyokuwa tunasema. Uji umechacha. Maziwa yamekatika. Samaki amevunda. Mkate umeota ukungu. Mahindi yamebunguliwa. Karanga zimekuwa chungu. Mafuta yanakereketa koo. Biskuti zimelegea. Ugali umelala, yaani kiporo, na kiporo si kitu kibaya, kiporo ni chai ya asubuhi.

Kila neno hapo lina kiungo cha mwili ndani yake. Kuna pua, kuna ulimi, kuna kidole, kuna jicho. Na kila neno linakuja na la kufanya: kilichochacha mwaga, kilicholala pasha, kilichobunguliwa pepeta, kilicholegea anika.

Sasa tuna neno moja. Imeekspaya.

Chumvi imeekspaya, nyama imeekspaya, tambi imeekspaya, dawa ya malaria imeekspaya. Neno halikuambii kitu kimefanya nini. Linakuambia tu kwamba kimekufa, na maiti haijadiliwi. Hata zile herufi mbili za kiwanda, zilizojitahidi kutenganisha onyo na ushauri, zikifika kwenye ulimi wetu zinakuwa kitu kimoja.

Nilipofika hapo nilijiona nimeshinda. Nilikuwa na makala yangu tayari kichwani: turudishe pua, tarehe ni mambo ya wazungu. Nikapanga niende Mpwapwa kwa mama nikapate mfano wa kufungia.

Mama akaniharibia.

Ndoo ya mama

"Mbukwenyi, mama."

Aliitikia, akanipa kiti, akanipa maji, akaniangalia kama nimekonda. Mchana alipika ugali wa uwele na mlenda mkavu. Nilijipendekeza jikoni makusudi. Mlenda wake anauweka kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, iliyokuwa ya mafuta ya kula. Karatasi ya mafuta bado imegandia ubavuni. Tarehe pekee iliyokuwepo kwenye lile jiko lote ilikuwa hiyo, ya mafuta yaliyokwisha liwa, na ilisema mwaka 2017.

"Huu mlenda wa lini, mama?"

"Wa masika."

"Masika yapi?"

Alifikiri. "Yale mvua ilipokatika mapema."

Akauchota, akausugua kati ya kidole gumba na cha shahada, akanusa, akautia kwenye chungu. Sekunde tatu, ukaguzi umekwisha. Nilitamani kumkumbatia.

Nikamwambia habari ya chumvi. Hakucheka. Alisema mama yake alikuwa hatupi hata ukoko, ukoko ulikuwa unaanikwa, kwa sababu yeye alilelewa na watu waliotoka kwenye Mtunya. Kwa asiyejua, Mtunya ndilo jina ambalo Wagogo waliipa njaa ya miaka ya 1917 hadi 1920, vita vya wazungu vilipokuwa vimechukua ng'ombe, nafaka na vijana, na mvua nayo ikagoma. Huku kwetu njaa zina majina kama watoto.

"Kwa hiyo nyinyi mlikuwa mnatumia pua tu," nikasema, nikiwa nimeshaandika sentensi hiyo kichwani.

"Pua kwa mlenda," akasema. "Mahindi pua haijui."

"Kivipi?"

"We umesahau mwaka ule?"

Sikuwa nimesahau. Nilikuwa nimeuacha nje ya makala yangu kwa sababu haunisaidii.

Yale mahindi hayakunuka

Mwaka 2016 watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara walianza kuugua. Macho ya njano, matumbo kuvimba, kutapika. Walioorodheshwa walikuwa 68, na 20 kati yao walikufa. Ilikuja kujulikana ni sumukuvu, sumu ya kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga, hasa mmea ukiwa umeteswa na ukame shambani kisha nafaka ikahifadhiwa ikiwa na unyevu. Sumu hii haina harufu wala ladha. Kuipika hakuiondoi. Inapiga ini.

Hayakuwa mahindi ya dukani. Yalikuwa ya kihengeni, ya kulima kwa mkono, yaliyopikwa na akina mama wenye pua nzuri kuliko yangu na yako. Hayakuwa na tarehe, na hata yangekuwa nayo isingesema kitu, kwa sababu tarehe nayo haijui kuvu wameingia lini.

Mama hakukaa kunihutubia. Alinipeleka nyuma ya nyumba akanionyesha turubai. Siku hizi hamwagi mahindi chini kwenye udongo kuanika, anaanika juu ya turubai. Anachambua punje zilizobadilika rangi na zilizovunjika, na hizo hata kuku hawapi. Kisha anatia kwenye ile mifuko isiyopitisha hewa, anaufunga mdomo kwa nguvu zake zote. Mfuko mmoja ameuchora kwa makaa: mistari minne.

"Hiyo nini?"

"Mwezi wa nne. Nisije nikachanganya na wa zamani."

Mama yangu, ambaye hakumaliza darasa la tano, ameandika tarehe.

Nilirudi na basi la jioni nikiwa kimya. Kuanzia Mpwapwa mpaka Dodoma nilijaribu kuirudisha ile makala ya kwanza, ya pua dhidi ya karatasi, na kila nilipoisogeza ilianguka. Mistari minne ya makaa haikusema mahindi yatakufa lini. Ilisema yaliingia lini, yakazibwa vipi, na nani aliyashika. Ni tarehe, lakini imeandikwa na mtu anayejua kilichomo na atakayekuwepo siku ya kufungua.

Ya kiwandani haijui kwangu. Iliwekwa na watu waliohifadhi sampuli, wakapima, wakaacha nafasi ya tahadhari, wakaandika chini kwa herufi ndogo "hifadhi mahali pakavu na penye ubaridi". Hawajui kwamba kati ya kiwanda na mdomo wangu kuna kibanda chenye mabati, upande wa magharibi, jua la saa tisa likipiga rafu ya maziwa moja kwa moja. Hawajui habari za umeme. Wakati wa mgao nimekunywa maziwa ambayo tarehe yake ilikuwa bado wiki mbili, na tumbo lilinijulisha usiku kucha kwamba friji ya duka ilikuwa kabati tu. Nililaumu maziwa. Tarehe haikuwahi kunidanganya, mimi ndiye niliyeisoma bila ile sentensi ndogo iliyo chini yake. Na ukishafungua pakiti, ile tarehe kubwa imeshamaliza kazi yake. Maziwa ya boksi yanayokaa miezi yakiwa yamefungwa, yakifunguliwa ni ya siku chache, na ya friji inayofanya kazi.

Kwa hiyo sasa nafanyaje? Nafanya kwa kubabaisha, lakini kwa mpangilio. Maziwa ya kopo ya mtoto mchanga wa shemeji yangu tarehe yake naifuata kama amri, kwa sababu virutubisho vyake ndiyo chakula chote cha yule mtoto. Nyama na samaki wa pakiti, hivyohivyo. Kopo lililovimba silifungui hata kama tarehe yake ni ya mwaka kesho. Tambi, chai, sukari, asali, hivyo nafungua nanusa. Karanga zenye ukungu sisafishi, natupa zote, na sioni aibu. Na chumvi ikipitwa namaliza haraka, nanunua nyingine, bila kelele.

Mtoto wa dada nimemwomba radhi. Alikubali, ila anataka kujua kwa nini mwalimu hakuwaambia kuhusu herufi.

Boksi la mbele

Kuna jambo moja ambalo daftari langu halikuandika, kwa sababu halikutokea jikoni.

Nikienda dukani kununua maziwa huwa nachimba nyuma. Nawe unachimba. Mkono unapita juu ya maboksi ya mbele, unaingia hadi kwenye kiwiko, unavuta la ndani lenye tarehe ndefu. Nilikuwa najiona mjanja. Siku moja nikamuuliza mama wa duka letu yale ya mbele huwa yanaishia wapi.

"Yanadoda," akasema. "Tarehe ikifika natoa. TBS, wale wa viwango, wakiyakuta hapa wanajua nauza, na faini yake siiwezi. Mengine tunakunywa wenyewe, mengine namwaga."

"Yanakuwa yameharibika?"

"Wala. Yanakuwa yamekosa mtu."

Basi juzi Jumatano nilifika pale, nikashika boksi la mbele kabisa. Tarehe yake ilikuwa ya Jumamosi. Sisi nyumbani tuko watano, lita moja haifiki saa nne asubuhi.

"Hilo acha, kaka," akasema, tayari ameshanyanyuka. "Linaisha Jumamosi. Ngoja nikuchimbulie jipya."

"Hapana, nataka hilihili. Tunalinywa kesho."

Aliniangalia. Akaangalia viatu vyangu. Nikaona amefikia uamuzi kuhusu hali yangu, na sauti yake ikashuka.

"Basi nikupunguzie mia tatu."

"Usipunguze, mama. Maziwa ni mazima."

"Najua ni mazima."

Alipunguza. Akalizungushia gazeti mara mbili, wateja wengine wasione, akanipitishia chini ya kaunta.